Lugha ya Kupima na Kusawazisha katika Ujenzi wa Nyumba: Mifano ya Meru na Embu

1. UTANGULIZI

Wataalamu wa istilahi za Kiswahili wamezoea kuelekeza macho yao kwenye taaluma za darasani, kama vile isimu, fasihi, hisabati na elimu ya viumbe. Fani za mikono hazikupata bahati hiyo kwa kiwango kile kile, ijapokuwa ndizo zinazotumia Kiswahili kila siku, kuanzia asubuhi hadi jioni, pasipo kungoja idhini ya baraza wala kamusi. Makala haya yanakusudia kuichunguza fani moja miongoni mwa hizo, nayo ni ujenzi wa nyumba za kuishi katika sehemu za Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Hatutaitazama fani yote, bali sehemu yake moja, yaani upimaji na usawazishaji: vyombo vinavyotumika, maneno yanayovitaja, na taabu zinazotokea pale ambapo chombo, kipimo na neno havipatani.

Inafaa kueleza tangu mwanzo kwa nini jambo hili ni la mwanaisimu wala si la mhandisi peke yake. Ukuta ukienda upande, watu husema fundi ni mbovu au chombo ni kibovu. Aghalabu huwa hivyo. Lakini mara nyingi fundi anajua kazi, chombo ni kizima, na kosa limeingia njiani, kati ya kinywa cha mmoja na sikio la mwingine. Gharama ya kosa hilo si ndogo. Mkulima wa chai au kahawa katika sehemu hizi hajengi nyumba yake kwa mwaka mmoja. Mwaka huu huweka msingi, mwaka ujao huinua kuta, kisha akingoja malipo mengine huezeka, na milango huja mwisho. Kila hatua huweza kuwa na fundi wake, na kila fundi huja na tepu yake na msamiati wake. Kipimo kilichotamkwa na wa kwanza hurithiwa na wa nne, naye hulipia, au hulipishwa, kosa asilolitenda.

2. HALI YA LUGHA

Kimeru na lahaja zake, Kitharaka, Kichuka, Kiembu na Kimbeere ni lugha za Kibantu zilizo karibu sana na Kikuyu na Kikamba; Guthrie aliziweka pamoja katika kundi alilolipa alama ya E50. Kwa hiyo, msemaji wa lugha hizi anapokutana na Kiswahili hakuti lugha ngeni kabisa. Mpangilio wa ngeli, viambishi vya kitenzi na sehemu kubwa ya msamiati wa msingi huelekeana na wa lugha yake. Hata hivyo, msamiati wa ujenzi wa nyumba yenye pembe haukutokana na urithi huo wa pamoja. Kiswahili cha ujenzi kilikulia pwani, katika miji kama Lamu na Mombasa, kwa waashi wa mawe ya matumbawe na chokaa, na kwa mabaharia. Bara kilifika kwa njia ya utawala, biashara, misheni na shule, na kikakuta mafundi wengine waliopata maneno yao kwa Kiingereza cha mabwana wa kazi.

Matokeo yake ni kwamba kwenye kiwanja kimoja cha ujenzi huko Nkubu au Runyenjes lugha tatu hufanya kazi bega kwa bega. Ramani imeandikwa kwa Kiingereza. Fundi mkuu huagiza kwa Kiswahili, hasa ikiwa mafundi wametoka sehemu mbalimbali. Wasaidizi huambizana kwa Kimeru au Kiembu. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Lakini katika vyuo vya ufundi mafunzo hutolewa kwa Kiingereza. Fundi aliyejifunza kazi kwa kumfuata fundi mwingine, na hao ni wengi, hakupata kufundishwa istilahi kwa lugha yoyote. Alizipokea kwa masikio.

3. KUTOKA NYUMBA YA DUARA HADI NYUMBA YA PEMBE

Nyumba ya jadi ya Meru na Embu, kama ya majirani wao Wakikuyu, ilikuwa ya duara, yenye paa la nyasi lililochongoka. Umbo hili lina upimaji wake, nao ni wa uhakika. Mtu akisimamisha kijiti katikati, akafunga kamba, akaizungusha, hupata duara lisilo na kasoro. Kamba moja ndiyo tepu, ndiyo skwea, ndiyo ramani. Hakuna pembe ya kuhakikisha wala ulalo wa kulinganisha. Vimo vilipimwa kwa mwili wa mtu, na mlango ulikadiriwa kwa yule atakayeupita.

Nyumba ya pembe nne ilidai mambo mapya. Kwanza, pembe zake sharti ziwe pembemraba; pili, kuta zinazoelekeana sharti ziwe sambamba; tatu, mawe au matofali yapangwe kwa safu zilizolala sawasawa, la sivyo kosa dogo la chini huongezeka kila safu. Mambo haya matatu hayaonekani kwa jicho tupu, hasa kwenye ardhi yenye mteremko, kwa sababu jicho hudanganywa na mlima ulio nyuma ya nyumba. Ndipo vyombo vikahitajika, na pamoja navyo majina.

Njia ya mafundi ya kupata pembemraba inajulikana na wengi: kupima 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na kuhakikisha kwamba kati ya ncha hizo mbili kuna 5. Kanuni ni ya kale na haina kosa. Kasoro huja katika matumizi. Fundi akitumia futi 3 kwa futi 4 kuanzisha nyumba yenye ukuta wa futi 40, kosa la robo inchi katika futi 4 litakuwa inchi mbili na nusu mwisho wa ukuta. Dawa yake ni kukuza pembetatu: nyumba ya mita 9 kwa mita 12 ipimwe kwa mita 9, 12 na 15, yaani 3, 4 na 5 zilizozidishwa mara tatu. Kisha ulalo wa pili nao upimwe. Nyumba ambayo pande zake zinazoelekeana ni sawa yaweza bado kuwa imeinama kama kiberiti kilichobonyezwa. Ni kulingana kwa milalo yote miwili tu kunakothibitisha kwamba pembe ni mraba.

4. VIPIMO VITATU JUU YA MEZA MOJA

Kiswahili kina mpango wake wa zamani wa kupima urefu, uliojengwa juu ya mwili wa mwanadamu. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, kiasi cha inchi 9. Shibiri mbili ni mkono, au dhiraa, kiasi cha inchi 18. Mikono miwili ni wari, na mikono minne ni pima. Mpango huu unapendeza kwa utaratibu wake, kwani kila kipimo ni maradufu ya kilichotangulia, isipokuwa kwamba mikono ya watu haifanani. Wenye kuujua hutofautisha hata dhiraa kamili na dhiraa konde, ambayo huishia kwenye ngumi iliyofumbwa.

Utawala wa Kiingereza ulileta futi, inchi na yadi. Kenya ilianza kuhamia vipimo vya mita mwishoni mwa miaka ya 1960, na leo vipimo halali vya biashara ni vya mita. Hata hivyo, sheria hubadilika kwa siku moja, na ulimi huchukua vizazi. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Meru na Embu mipango yote miwili inaishi pamoja, tena kwa mgawanyo ambao mgeni hawezi kuubashiri. Mbao huuzwa kwa futi na unene wake hutajwa kwa inchi, kama vile "mbao ya 3 kwa 2". Mawe ya kukatwa hutajwa kwa inchi, 9 kwa 9 au 6 kwa 9. Nondo hupimwa kwa milimita, lakini wengi huiita ya milimita 12 "nusu inchi". Saruji huuzwa kwa kilo, mfuko mmoja ukiwa kilo 50, ilhali huchanganywa kwa ujazo wa karai au toroli. Mabati hutajwa unene wake kwa geji, kipimo ambacho namba ikikua bati hupungua unene, hata geji 32 ikawa nyembamba kuliko geji 28. Mteja asiyeambiwa hivyo hudhani amenunua lililo imara zaidi.

Madhara ya mchanganyiko huu huonekana zaidi mahali vipimo viwili vinapokaribiana bila kulingana. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, kwa hiyo futi moja ni milimita 304.8. Bati la mita 3 huitwa dukani "futi 10". Futi 10 halisi ni mita 3.048. Tofauti ni milimita 48, wala haionekani kwa anayetazama bati moja. Lakini ikiwa seremala amekata kenchi zake akihesabu mabati mawili ya futi 10, atapungukiwa na milimita 96, karibu inchi 4, na upungufu huo hutolewa kwenye mpandano wa mabati, mahali ambapo mvua za Mlima Kenya huupata upesi. Mlango nao ni hivyo hivyo. Mlango wa futi 7 kwa futi 3 ni milimita 2,134 kwa 914. Fremu iliyoagizwa kwa milimita 2,100 kwa 900 haiupokei, ingawa pande zote mbili zilikubaliana kwa maneno kwamba ni "mlango wa kawaida".

Mfano ulio mzito kuliko yote ni wa ardhi. Kiwanja kinachoitwa kwa kawaida "hamsini kwa mia" kina futi 50 kwa futi 100, yaani futi za mraba 5,000. Watu wengi hukiita pia "thumni ya ekari" au "moja ya nane". Lakini ekari ina futi za mraba 43,560, na sehemu yake ya nane ni 5,445. Majina mawili yanayotumiwa kama visawe yanatofautiana kwa futi za mraba 445. Hati ya kumiliki ardhi nayo hutumia hekta, na kiwanja kama hicho huweza kuandikwa hekta 0.045, yaani mita za mraba 450, ambazo ni kama futi za mraba 4,844. Mnunuzi aliyesikia "moja ya nane" na akapokea hekta 0.045 ana upungufu wa zaidi ya futi za mraba 600, na hakuna aliyemwambia uongo wa makusudi. Ni majina matatu yaliyodhaniwa kuwa kitu kimoja.

5. VYOMBO NA MAJINA YAKE

5.1 Tepu

Tepu, ambayo Tanzania huitwa pia futi kamba, ina taabu tatu. Ya kwanza ni kwamba aghalabu ukingo wake mmoja una inchi na wa pili una sentimita, na mkono ukiugeuza utepe, jicho husoma ukingo usiokusudiwa. Ya pili ni kibati cha mwanzo, ambacho hutikisika. Wengi hudhani kimelegea na hukigonga kikakaza. Kumbe kutikisika huko ni kwa makusudi: kibati husogea kwa kiasi cha unene wake wenyewe, ili kipimo kiwe sahihi kinapoangikwa nje ya ubao na pia kinaposukumwa dhidi ya ukuta. Anayekikaza huharibu kipimo kimojawapo. Ya tatu ni utepe uliokatika mwanzo. Fundi huanzia alama ya 10, kisha hana budi kutoa 10 mwishoni. Akiita namba kwa msaidizi aliye upande wa pili pasipo kusema kama ameshatoa au hajatoa, kosa limekwisha kuzaliwa.

5.2 Pimamaji

Neno hili limeundwa kwa njia inayojulikana sana katika Kiswahili, yaani kitenzi kikifuatwa na nomino. Ni neno zuri na linatumika pwani na bara. Lakini ndani ya chombo hiki hamna maji. Kile kichupa chenye kiputo hujazwa spiriti, kwa kuwa spiriti haigandi upesi kwa baridi na kiputo husogea ndani yake kwa wepesi. Chombo chenyewe kilibuniwa na Mfaransa Melchisédech Thévenot yapata mwaka 1661. Kwa upande mwingine, mafundi wana chombo cha pili ambacho kweli hupima kwa maji: mpira mrefu unaoangaza, uliojazwa maji, ambao maji yake husimama kimo kimoja katika ncha zote mbili hata zikiwa zimetengana kwa nyumba nzima. Neno pimamaji lingekifaa zaidi chombo hiki. Matokeo ni kwamba anayeagizwa "lete pimamaji" huweza kuleta chochote kati ya viwili, na anayeagizwa "lete mpira wa maji" huweza kuleta mpira wa kunyunyizia shamba, ambao katika sehemu hizi ni kitu cha kawaida sana.

Tofauti ya vyombo hivi si ya jina tu. Pimamaji fupi la sentimita 60 likitumiwa kusawazisha ukuta wa mita 12 litahamishwa mara 20. Likiwa na kosa la milimita moja kila mara, kuelekea upande ule ule, mwisho wa ukuta utakuwa umepanda au kushuka kwa milimita 20. Kulijaribu si vigumu: huwekwa mahali, kiputo kikatazamwa, kisha likageuzwa mwanzo kuwa mwisho hapo hapo. Kiputo kisiporudi mahali pake, chombo kina kasoro. Mpira hauna kosa la kujilimbikiza, lakini una masharti yake: usiwe na hewa ndani, usikunjike, na ncha zote mbili ziwe wazi wakati wa kusoma. Mtu akisahau kidole juu ya ncha moja, maji hayasogei, na usawa unaoonekana si usawa.

5.3 Timazi

Chombo cha kupima wima kina majina kadhaa. Kamusi zinalo timazi, na pia chubwi, ambalo wavuvi hulitumia kwa risasi ya kuzamishia mshipi, na bildi, ambalo kwa mabaharia ni uzi wa kupimia kina cha maji. Asili ya baharini iko wazi. Mbali na bahari maneno hayo hayana mizizi, na mafundi wengi wa bara huliita kwa jina walilolitohoa kutoka Kiingereza. Hata levo, jina jingine la kutohoa litumiwalo kwa pimamaji, husikika kama "revo" kwa wasemaji ambao lugha zao za kwanza hazitenganishi sauti l na r. Hakuna ubaya wa kutohoa. Ubaya ni kwamba levo hutumika kwa chombo, kwa usawa wenyewe, na kwa orofa au hatua ya ujenzi.

6. MANENO YANAYOLETA UTATA

6.1 Sawa

Neno sawa ndilo kiini cha tatizo. Lina maana ya kuwa kimo kimoja, ya kulingana kwa kiasi, ya kunyooka, na pia ya kukubali: "Sawa, nimesikia." Tuchukue mfano wa watu wawili walioshika ncha za mpira wa maji, nyumba ikiwa kati yao, hawaonani. Wa kwanza huuliza kwa sauti, "Sawa?" Wa pili hujibu, "Sawa!" Jibu hili laweza kuwa na maana ya kwamba maji yamefika kwenye alama. Laweza pia kuwa na maana ya kwamba amesikia na yu tayari. Wa kwanza hupiga msumari. Lugha imempa kila mmoja jibu sahihi, na msingi umekwenda upande.

6.2 Urefu

Kiswahili hutumia urefu kwa kitu kilicholala na kwa kitu kilichosimama. "Urefu wa ukuta ni futi 10" ni sentensi yenye maana mbili, na makadirio ya mawe hutofautiana sana kwa kila maana. Mafundi wamejitafutia njia: husema "kwenda juu futi 9" na "kulala futi 30". Lugha sanifu ina neno kimo kwa kilichosimama na kina kwa kinachokwenda chini, lakini maneno hayo hayasikiki sana viwanjani.

6.3 Mlalo na ulalo

Mlalo ni hali ya kulala, kinyume cha wima. Ulalo, katika hisabati ya Kiswahili, ni mstari uunganishao pembe zinazotazamana. Maneno yote mawili yametoka katika kitenzi kimoja, lala, na yanatofautishwa na sauti moja tu ya mwanzo. Zaidi ya hayo, wingi wa mlalo ni milalo, na katika sehemu ya tatu ya makala haya tumetumia milalo tukikusudia ulalo zaidi ya mmoja, kwa kuwa ngeli ya u- haitupi wingi unaokubalika na wote. Msomaji alielewa kwa sababu ya muktadha wa maandishi. Kiwanjani, katikati ya upepo na kelele za kuchonga mawe, muktadha hautoshi.

6.4 Nukta na "na"

"Futi kumi nukta tano" ni futi 10 na inchi 6, kwa kuwa nusu ya futi ni inchi 6. "Futi kumi na tano" ni futi 15. "Futi kumi na inchi tano" ni jambo la tatu. Katika mita utata ni mkubwa zaidi: "mita mbili nukta nne" ni sentimita 240, na "mita mbili na nne" huweza kueleweka kuwa sentimita 204. Tofauti ni sentimita 36, yaani zaidi ya futi moja. Kiunganishi na, ambacho Kiswahili hukitumia kuunda namba nyingi kutoka kumi na moja na kuendelea, hakiwezi wakati huo huo kubeba kazi ya kutenganisha kizio kikubwa na kidogo bila kizio hicho kutajwa.

6.5 Thumni na kwa

Inchi kwenye tepu hugawanywa kwa sehemu nane na kumi na sita. Kiswahili kina neno halisi la sehemu ya nane, thumni. Lakini nchini Kenya thumni, au sumuni, ni sarafu ya senti 50, ambayo ni nusu ya shilingi. Anayesikia "thumni ya inchi" huweza kukata nusu. Kwa sababu hiyo hutokea watu wakahesabu vijistari, nao wasikilizaji wasijue kama ni vya nane au vya kumi na sita. Neno kwa nalo hutumika kwa vipimo vya pande, kama "4 kwa 2", na kwa uwiano wa zege, kama "1 kwa 2 kwa 4". Katika matumizi ya kwanza kila namba ina kizio; katika ya pili hakuna kizio, ni sehemu tu.

7. MTEREMKO

Utata wa neno urefu unapokutana na mteremko, huzaa kosa la tatu. Sehemu kubwa ya Meru na Embu ya juu ni migongo na mabonde. Upimaji rasmi wa ardhi hupima umbali wa mlalo, si ule wa kufuata ardhi. Mtu anayelaza tepu juu ya nyasi na kupima mita 10 mahali ambapo ardhi hushuka mita 2, hupata kwa mlalo mita 9.80 tu. Amepoteza sentimita 20 na tepu yake ni nzima. Tepu haina budi kushikwa mlalo na ncha yake kushushwa ardhini kwa timazi. Lakini agizo "pima urefu wa kiwanja" halimwambii mpimaji afuate lipi, na Kiswahili cha kawaida hakina neno moja linalotenganisha umbali wa ardhini na umbali wa mlalo. Msingi nao ni hivyo: kwenye mteremko wa mita moja kwa kila mita 10, nyumba ya mita 12 ina tofauti ya mita 1.2 kati ya ncha ya juu na ya chini. Kusema "msingi uwe futi tatu" pasipo kutaja ncha ni kumwachia fundi kubahatisha, na mwenye nyumba kulipia mawe ambayo hakuyatarajia.

8. MAPENDEKEZO

Kwanza, kimo, urefu, upana, unene na kina vitumike kila kimoja mahali pake katika vitabu vya ufundi na katika mafunzo. Usemi wa mafundi "kwenda juu" usidharauliwe, kwani unaeleweka kuliko istilahi nyingi zilizotungwa ofisini.

Pili, vipimo vya mita vitajwe kwa milimita kamili, kama ilivyo desturi ya ramani za ujenzi. Milimita 2,400 haina nukta wala "na" ya kupotosha. Anayetumia futi ataje inchi kwa jina kila mara, hata zikiwa sifuri.

Tatu, pimamaji libaki jina la chombo chenye kiputo, kwa kuwa limekwisha kuenea, na kile cha maji kiitwe mpira wa usawa. Timazi liendelezwe, kwa kuwa halina maana nyingine ya kuligombania. Ulalo lipewe wingi wake bayana. Pendekezo letu ni kutumia kiulalo na viulalo, ili mlalo na milalo vibaki kwa kinyume cha wima.

Nne, neno sawa lisitumike kuthibitisha usawa. "Imefika" na "haijafika" ni majibu yasiyoweza kuchukuliwa kuwa ni adabu ya kuitikia tu.

Tano, idara za lugha katika vyuo vikuu, na hasa vile vilivyomo katika sehemu hizi kama Chuka, Embu na Meru, ziwatume wanafunzi wao viwanjani kukusanya msamiati wa Kimeru, Kiembu na Kimbeere wa ujenzi kabla haujasahaulika. Maneno ya nyumba ya duara, ya kamba yake na kijiti chake, yanaweza kuwa na hazina ambayo Kiswahili kinaihitaji. Kiswahili kimekwisha kuchota pwani; hakuna sheria inayokikataza kuchota mlimani.

9. HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba taabu za kupima na kusawazisha zina asili tatu: vyombo visivyojaribiwa, vipimo viwili vinavyoishi pamoja, na maneno yanayobeba maana nyingi kuliko kazi inavyoruhusu. Mbili za kwanza zimo mikononi mwa mafundi na wenye maduka. Ya tatu ni ya wanalugha. Istilahi za ujenzi zikikusanywa, zikapangwa na kurudishwa kwa wenyewe katika vijitabu vyenye picha na bei nafuu, fundi wa Maua au Siakago atakuwa na msingi wa kumwuliza aliyemwagiza: je, ni kimo au ni urefu, ni futi au ni mita, umepima kwa mlalo au umefuata ardhi? Maswali hayo matatu, yakiulizwa kabla ya jiwe la kwanza kulazwa, yatamwokoa mwenye nyumba gharama ya kubomoa, na yatamwokoa fundi lawama isiyo yake.